Kompyuta Inapohamia Machoni

(Matini ya mhadhara uliotolewa Ujiji mbele ya waumini baada ya sala ya Isha. Umefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu, aliyempa mwanadamu macho mawili, kisha akampa na moyo wa kuyapima yale yanayoletwa na macho hayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.



Mada ya usiku huu imetokana na maswali. Wazazi kadhaa wamekuwa wakiuliza, kila mmoja kwa namna yake, ni kitu gani hiki wanachokizungumzia vijana: miwani inayomfanya mtu aliyekaa barazani Ujiji ajione yuko chini ya bahari, au yuko vitani, au yuko mbele ya Kaaba. Wapo wanaouliza kwa hofu, wakidhani ni uchawi wa kisasa. Wapo wanaouliza kwa tamaa, wakidhani ni njia ya mkato ya utajiri. Na liko swali la mzee mmoja ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Yeye ameuliza: nikiizunguka Kaaba kwa miwani hiyo, nitakuwa nimehiji? Tutalifikia swali lake. Lakini wanazuoni wa usuli wametufundisha kwamba hukumu juu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu jambo lenyewe, kwa hiyo tuanze na kufahamu.

Tuanze na majina, maana jina mara nyingi hufichua tabia ya kitu. Waarabu wa leo wanaiita sanaa hii al-waaqi' al-iftiraadhiy. Al-waaqi' ni kile kilichotokea, kilicho kweli. Iftiraadhiy linatokana na shina lile lile lililotupa sisi neno faradhi. Lakini hapa lina maana ya kukichukulia kitu kuwa kipo ilhali hakijathibiti, kama mwalimu wa hesabu anapowaambia wanafunzi, "tuchukulie mna ng'ombe kumi". Kwa hiyo ni ukweli wa kuchukuliwa tu. Kwa Kiswahili tumesema uhalisia pepe, neno pepe likiwa lile lile la barua pepe. Ziko sanaa mbili zinazofanana. Katika uhalisia pepe, miwani huziba kabisa macho, na mvaaji haoni chumba alichomo. Anaona ulimwengu uliochorwa na kompyuta au uliopigwa picha mahali pengine. Katika ile ya pili, ambayo Waarabu wanaiita al-waaqi' al-mu'azzaz na sisi tunaita uhalisia ulioongezwa, mvaaji anaendelea kuiona dunia yake, ila juu yake huandikwa au huchorwa mambo ya ziada. Anautazama mti, na jina la mti linatokea pembeni yake. Anaitazama barua ya Kichina, na tafsiri yake inajitokeza juu ya maandishi.

Sasa kompyuta imefikaje huko?

Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya chumba kizima, mali ya serikali, na mwananchi hakuwa na haja wala ruhusa ya kuisogelea. Mwaka 1974, baada ya kompyuta kuleta hasara kubwa kuliko faida iliyotarajiwa, Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo na vifaa vyake. Ajabu ya historia ni kwamba mwaka uliofuata tu, 1975, huko Marekani ikaanza kuuzwa Altair 8800, kompyuta ya mtu binafsi, ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, mnunuzi akaiunganishe mwenyewe nyumbani. (Sisi watu wa Kigoma hatupaswi kulistaajabia hilo. Meli yetu ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikaletwa hapa ndani ya maelfu ya masanduku, ikaundwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915.) Mwaka 1977 ikaja Apple II, mwaka 1981 ikaja kompyuta ya mezani ya IBM, na mwaka 1984 Macintosh ikawafungulia watu wa kawaida mlango kwa kuweka picha za kubonyeza mahali pa amri za kuandika. Kisha zikaja za kupakata. Kisha, mwaka 2007, simu ya iPhone, na mwaka 2008 simu ya kwanza ya Android, na kompyuta ikaingia mfukoni.

Hapa petu mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Kompyuta tulizizoea zaidi katika miaka ya 2000, kwenye maduka ya kuchapa barua na vibanda vya intaneti, na mji ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukiwashwa kwa majenereta ya dizeli. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake intaneti ya nchi nzima ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Baadaye Mkongo wa Taifa ukaja mikoani, na simu za bei nafuu zikaja. Leo mvuvi wa Kibirizi ana mkononi kompyuta yenye nguvu mara nyingi kuliko ile ya Wizara ya Fedha ya mwaka 1965, na anaitumia kumtumia mkewe pesa.

Tazameni mwelekeo wa safari hiyo. Chumba, kisha meza, kisha mapaja, kisha kiganja. Kila hatua chombo kinakaribia mwili, na kila hatua kinahitaji elimu ndogo zaidi kwa mtumiaji na kuchukua sehemu kubwa zaidi ya mtumiaji huyo. Kompyuta ya chumba ilidai wataalamu. Ya mezani ilidai mikono miwili. Simu inadai kidole. Miwani inadai jicho, na jicho, wazee wangu, ndilo lango la moyo.

Na msidhani hatua hii ya jicho ilibuniwa juzi. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kimarekani, Ivan Sutherland, pamoja na wanafunzi wake, alitengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani chenye vioo viwili vidogo. Kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa darini kwa mkono wa chuma, na kilichoonekana ndani yake kilikuwa mistari tu ya umbo la mchemraba, ukielea hewani mbele ya mvaaji. Ni miaka saba kabla ya Altair. Fikra ilitangulia, vifaa vikachelewa. Ilibidi kwanza tasnia ya simu itengeneze vioo vidogo vya bei nafuu na vihisio vya kutambua mwendo, ndipo mwaka 2012 ikaanza kampuni ya Oculus, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kwa dola bilioni 2. Oktoba 2021 Facebook yenyewe ikabadilisha jina la kampuni na kujiita Meta, ikitangaza kwamba mustakabali wake uko huko. Februari 2024 Apple ikaleta miwani yake kwa dola 3,499.

Lakini haki isemwe, biashara hii haijawa kama walivyotabiri. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia miwani kimepata hasara ya zaidi ya dola bilioni 60 tangu mwaka 2020. Microsoft iliyoleta miwani ya HoloLens mwaka 2016 iliacha kuitengeneza mwaka 2024. Watu wanachoka kubeba uzito usoni. Kwa maoni yangu, ile miwani mizito itabaki kuwa chombo cha darasani na kazini, na ile myepesi, inayofanana na miwani ya kawaida ya kusomea, ndiyo itakayoenea mitaani. Hiyo ndiyo ya kuiangalia kwa makini, na nitairudia.

Je, jicho linadanganywaje? Hapa sina budi kumtaja mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufia Misri yapata mwaka 1040. Katika Kitab al-Manadhir alithibitisha kwamba kuona hutokea kwa nuru kuingia jichoni, kinyume cha wale waliodhani jicho ndilo linalotoa miale. Lakini alifanya jambo jingine ambalo watu hulisahau. Alionesha kwamba jicho peke yake halitoshi. Ndani yetu kuna nguvu ya kupambanua inayokadiria umbali, ukubwa na umbo, kwa kulinganisha na tuliyoyazoea. Na kwa kuwa ni ukadiriaji, unaweza kukosea. Aliandika kwa kirefu sana juu ya makosa ya macho.

Miwani hii imejengwa juu ya ukadiriaji huo. Macho yetu yametengana kwa takriban milimita 63, kwa hiyo kila jicho huona picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Ziba jicho la kulia, kisha la kushoto, uone kidole chako kinavyohama. Moyo, au tuseme ubongo, huziunganisha picha hizo mbili na kupata kina. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionesha kwamba ukilipa kila jicho mchoro wake, michoro miwili bapa inakuwa kitu chenye kina. Kompyuta imeongeza jambo moja tu, lakini kubwa: inafuatilia kichwa. Ukigeuka kushoto, picha nayo inageuka, na inapaswa kufanya hivyo ndani ya takriban sehemu 20 za elfu moja ya sekunde. Ikichelewa zaidi, mvaaji anapatwa na kichefuchefu, mithili ya mgeni aliyepanda boti ziwani siku ya upepo. Hakuna jini humo. Ni hesabu ya pembe na kasi. Kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni mnakijua: kamba zilibaki kamba, na macho ya watu ndiyo yaliyozivika mwendo. Tofauti ni kwamba wachawi wale waliificha njia yao, na njia hii inafundishwa vyuoni.

Sasa nataka tuitazame sanaa hii hapa hapa nyumbani, maana wengi hawajui kwamba ufukwe wetu umeshaingia ndani yake.

Mwaka 2014 kampuni ya Google, kwa kushirikiana na taasisi ya Dkt. Jane Goodall, ilileta Gombe mkoba wa kubebwa mgongoni wenye kamera 15 zilizoelekea pande zote. Mbebaji akatembea njia za msituni na ufukweni, na kamera zikapiga picha za mzunguko mzima. Oktoba ya mwaka huo picha zikawekwa katika ramani za kampuni hiyo, na tangu hapo mtu wa Tokyo au Chicago anaweza kuingia Gombe, akageuka kulia akaona ziwa, akainua uso akaona matawi. Jane Goodall alikuwa amefika Gombe Julai 1960, na alifariki dunia Oktoba 2025. Katika miaka hiyo yote sitini na zaidi, ni wangapi kati yetu tuliokaa hapa Ujiji tumefika Gombe? Iko kilomita 16 tu kaskazini ya mji wa Kigoma, boti zinaondoka Kibirizi kila siku ya kazi. Siulizi ili kulaumu. Nauli ni nauli. Nauliza ili tuone kwamba picha ilisafiri hadi upande wa pili wa dunia kabla ya jirani kuvuka ghuba mbili.

Basi yule wa Chicago ameiona Gombe. Je, amefika Gombe? Hajatokwa jasho. Hajasikia harufu ya majani yanayooza. Sokwe aliye kwenye picha hawezi kumwona yeye. Hakuna kinachobadilika Gombe kwa sababu yeye ameitazama, na akichoka anavua miwani. Kuona amekupata, kuwapo hakukupata. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tutoke nayo usiku huu, kwa kuwa maswali karibu yote ya miwani hii yanajibika kwa kuuliza jambo moja: je, shughuli iliyo mbele yetu inatosheka na kuona, au inadai mtu awepo?

Uko mfano mwingine wa huko huko unaolieleza hili vizuri zaidi. Katika vijiji vinavyopakana na Gombe, mradi wa TACARE ulioanzishwa na taasisi hiyo mwaka 1994 ulikuja kutumia picha za setilaiti zenye uwezo wa kuonesha kitu cha ukubwa wa mita moja. Picha hizo zilichapishwa na kutandazwa mbele ya wanakijiji ili kupanga matumizi ya ardhi. Setilaiti ilikuwa imeona kila mti. Lakini haikujua ni njia ipi wanawake wanapita kuchota maji, ni kijito gani hukauka, ni mahali gani wazee wamepaheshimu tangu zamani. Waliojua ni wale walioishi pale. Walipoweka kidole juu ya picha na kutaja majina, ndipo picha ikawa ramani. Baadaye wafuatiliaji wa misitu wa vijijini wakapewa simu za Android, wakawa wanaandika wenyewe wanachokiona msituni: mti uliokatwa, tanuri la mkaa, kiota cha sokwe. Hapo kompyuta ilikaa mkononi mwa mtu aliyekuwapo, na manufaa yakaonekana.

Nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka kuliko mimi ninavyoweza kulieleza. Januari 2015, katika mkutano wa matajiri na wakubwa wa dunia huko Davos, Uswisi, Umoja wa Mataifa ulileta filamu ya uhalisia pepe iitwayo Clouds Over Sidra. Inamhusu binti wa Kisyria wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Mtazamaji anavaa miwani na kujikuta amekaa chumbani na watoto wale, wakimzunguka pande zote. Nia ilikuwa njema: kuwafanya wenye mamlaka waguswe na hali ya wakimbizi. Na inasemwa filamu za aina hii huwagusa watu kwelikweli.

Miezi minne baadaye, Mei 2015, makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walijazana Kagunga, kile kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, bila barabara. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikawa inakwenda na kurudi, ikibeba mamia ya watu kila safari, ikiwashusha Kigoma, wakapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo kambini Nyarugusu. Mliokuwapo bandarini siku zile hamkuvaa miwani yoyote. Mlisikia kilio, mlinusa, mlishika mkono wa mtu aliyekuwa akitetemeka. Na mtoto aliyeomba maji, aliyekuwapo aliweza kumpa maji. Aliyeko ndani ya miwani, hata machozi yakimtoka, hawezi kumpa yule binti hata funda moja. Uwezo wa kutenda ndio unaompa mtu wajibu, na uwezo huo uko kwa aliyepo. Sisemi filamu ile haikufaa. Imefaa kwa walio mbali. Lakini kwetu sisi, ambao Nyarugusu iko hapo Kasulu, kuutazama ukimbizi kwa miwani kungekuwa kujifanya wa mbali.

Sasa swali la mzee wetu.

Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Hija ilifanywa na watu takriban 1,000 tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia, na mwaka 2021 waliruhusiwa 60,000, ilhali mwaka 2019 walikuwa karibu milioni 2 na nusu. Katika hali hiyo, Desemba 2021, usimamizi wa Misikiti Mitukufu miwili chini ya Sheikh Abdulrahman as-Sudais ulizindua mpango wa kulionesha Jiwe Jeusi kwa uhalisia pepe. Habari zikazagaa, na wengine wakazielewa vibaya, kana kwamba Hija imehamishiwa kwenye miwani. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mamlaka ya dini ya Uturuki, Diyanet, ikalitolea kauli: kuitembelea Kaaba kwa namna hiyo inaruhusiwa, lakini haitakuwa ibada ya Hija kamwe, kwa kuwa Hija hutimizwa kwa mtu kufika pale kwa miguu yake.

Mimi si mufti, na fatwa zina wenyewe. Lakini jambo hili halina utata mkubwa. Hija ni ibada ya mahali maalumu kwa wakati maalumu. Arafa ni uwanja. Anayesimama nje ya mipaka yake, hata kwa hatua chache, siku nzima, hakusimama Arafa. Ikiwa hatua chache zinabatilisha, itakuwaje kwa aliyeko Ujiji? Na nyinyi wenyewe mna jibu lenu la zamani. Kabla ya safari, mahujaji wetu hukusanywa uwanjani, pakawekwa Kaaba ya maboksi yaliyofunikwa kitambaa cheusi, wakafundishwa kuizunguka mara saba na kwenda mbio baina ya vigingi viwili. Hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani jioni ile na kuitwa Al-Haji. Miwani hii ni maboksi yale, yaliyopendeza zaidi.

Na kwa sababu ni maboksi yaliyopendeza zaidi, ina faida yake. Mahujaji wa vijijini wanaofika Makka kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa na msongamano. Wakipitishwa kwanza kwa picha ya mzunguko mzima, wakaona mlango uko wapi, njia ya Jamarat inapindaje, watapotea kidogo zaidi. Ni kama marubani wanavyofundishwa: tangu mwaka 1929, mashine ya Edwin Link ilimwezesha mwanafunzi kukosea akiwa ardhini, mahali ambapo kosa haliui. Hapo kuona kunatosha. Ama mzee wangu, sheria imekwishakuangalia kabla ya kompyuta kuzaliwa. Hija ni ya mwenye uwezo. Asiye na uwezo wa mwili wala mali haidaiwi kwake. Aliyeshindwa na mwili kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona, naye ana mali, wanazuoni wa madhehebu yetu wamesema amtume mtu aliyekwisha kujihijia amhijie. Utaona kwamba hata hapo kinachotakiwa ni mtu, na mtu huyo afike.

Nimesema nitairudia miwani myepesi. Tangu mwaka 2023 inauzwa miwani ya Ray-Ban iliyotengenezwa na Meta, yenye kamera ndani ya fremu na spika sikioni, na mwaka 2025 ikaongezwa aina yenye kioo kidogo cha kuonesha maandishi mbele ya jicho. Huku mvaaji akikutazama, huwezi kujua kwa yakini kama anakutazama tu au anakurekodi. Kuna taa ndogo tu ya kuashiria. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard walionesha kwamba picha za miwani hiyo, zikiunganishwa na programu za kutambua sura, zinaweza kumtajia mvaaji jina na anwani ya mtu asiyemjua anayepita barabarani. Walifanya hivyo kwa nia ya kuonya.

Dini yetu imeshaweka adabu ya jicho. Tumekatazwa kuchunguzana, tumeamrishwa kubisha hodi na kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na sababu ya idhini ni jicho. Fikirini harusi zetu, upande wa wanawake. Fikirini ufukwe ambako watu huoga. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kwa hiyo naiomba kamati ya msikiti isingoje miwani hiyo ifike ndipo ianze kujadili. Itakuja na mtoto wa mtu aliyetoka Muscat au Dar es Salaam, katika arusi ya dada yake, na hakuna atakayejua la kumwambia.

Wako watakaosema, hizi ni habari za matajiri, sisi tuna dhiki zetu. Naliheshimu neno hilo, ila si kweli kwamba tuko mbali nazo. Ng'ambo ya ziwa, katika mkoa wa Tanganyika wa Kongo, iko Manono, yenye bati, koltani na lithiamu. Na Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Madini hayo ndiyo betri na viungo vya ndani vya vyombo hivi. Anayechimba yuko karibu nasi kuliko anayevaa.

Na chombo cha kujifunzia hakihitaji dola 3,499. Mwaka 2014 Google ilionesha namna ya kutengeneza miwani kwa karatasi ngumu na lenzi mbili, ukiweka ndani yake simu yako mwenyewe. Nairobi, kampuni ya vijana iitwayo BlackRhino VR inafanya kazi hii tangu mwaka 2015. Anayejua kupiga picha kwa utaratibu anaweza zaidi ya hapo: ukikizunguka kitu ukipiga picha mamia zinazopandiana, ziko programu zinazoziunganisha na kulijenga umbo lake zima, ukuta, shina, kaburi, kwa vipimo. Simu nzuri inatosha.

Hilo ndilo ninalopendekeza vijana wa madrasa walianze, kwa kuwa liko jambo moja ambalo kuwapo hakuwezekani tena, nalo ni kile kilichokwisha kuondoka. Maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, mlishuhudia ufukwe ukirudi nyuma, na sehemu zilizokuwa za kutembea zikawa za kuogelea. Nyumba za zamani za Ujiji nazo zinabomoka msimu hadi msimu. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo, na yaliyobaki ya njia hiyo si mengi. Mjukuu atakayezaliwa miaka 30 ijayo hataweza kufika palipokuwa na mlango uliochongwa. Akiukuta umehifadhiwa, angalau ataona.

Tutaanza Jumamosi baada ya Alasiri, inshaallah, upande wa ufukweni, kabla ya jua kushuka sana. Vijana waje na simu zilizochajiwa. Hakuna atakayeingia kiwanja cha mtu bila kubisha hodi, na hakuna uso wa mtu utakaopigwa bila ridhaa yake. Na nawaomba sana wazee, hasa wavuvi, mje japo kwa muda mfupi, mtuoneshe mstari wa maji ulipokuwa kabla ya mwaka 2020, maana kamera haiwezi kuuona ukingo ambao ziwa limeshaufunika.

Wabillahi tawfiiq.